Mgonjwa Anapopata Akili Ghafla: Tuliyopitia Igoma Tukimuuguza Baba

Naandika kwa ajili ya anayeuguza mtu nyumbani, hasa mzee aliyepotewa na kumbukumbu, ambaye hospitali wameshasema tiba ya kuponya haipo tena. Kuna jambo linaloweza kutokea siku za mwishoni ambalo sisi hatukuwahi kuambiwa, kwa hiyo hatukujua hata la kuuliza. Mgonjwa aliyekaa miezi bila kumtambua mtu anaamka asubuhi moja na akili zake zote. Anaita watu majina, anaomba chakula, anauliza habari za shamba. Nyumba nzima inashangilia. Halafu siku moja au mbili baadaye anafariki, na familia inabaki na mshtuko mkubwa kuliko ambao ingekuwa nao kama angeondoka kimya kimya.

Baba alikuwa mfanyabiashara wa dagaa. Alianza kwao Ukerewe, kijana, akivua usiku kwa karabai. Baadaye akawa ananunua visiwani na kuleta mwaloni Kirumba. Kiharusi cha kwanza kilimwachia mguu mzito. Cha pili ndicho kilichoondoka na kumbukumbu. Alianza kwa kurudia swali lile lile, akafika mahali pa kuamka usiku wa manane kuhesabu magunia yasiyokuwepo. Mimi aliniita jina la dada yake. Mama alimwona kama mgeni mwema anayepika vizuri, na mara nyingine alimuuliza kwa upole kama kwao wanajua alipo.

Kisha ikagundulika saratani ya tezi dume, ikiwa imeshasambaa kwenye mifupa. Tukahangaika hospitali hadi daktari akatuketisha na kutwambia ukweli: kilichobaki ni kumpunguzia maumivu na kumtunza vizuri. Tukamrudisha nyumbani Igoma, hapa Mwanza. Nina kibanda cha uwakala wa pesa, na miezi ile kilikuwa kinafungwa siku nyingi kuliko kinavyofunguliwa. Watu hudhani gharama ya kuuguza ni dawa. Kwetu pampas za watu wazima zilikula fedha kuliko chakula cha nyumba nzima, zikifuatiwa na taksi, kwa sababu mtu mwenye mifupa inayouma humpandishi bajaji kwenye barabara yenye mashimo.

Tulipata muuguzi wa tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia maumivu mgonjwa asiyeweza kupona, aliyekuwa akija nyumbani, akatufundisha kutoa morfini ya maji kila baada ya saa nne, pamoja na dawa ya kulainisha choo, kwa sababu morfini hufunga tumbo. Kama hospitali iliyo karibu nawe ina kitengo cha tiba shufaa, ulizia mapema, usisubiri mgonjwa awe hoi. Maumivu ya mifupa yanaweza kudhibitiwa. Mzee hana sababu ya kufa akipiga kelele.

Kabla sijafika kwenye siku yenyewe, nieleze jambo jingine lililotokea mapema zaidi, maana yanafanana na yanachanganya. Baba alikuwa na mpira wa mkojo. Kuna wiki alibadilika ghafla: akawa anaweweseka, anaona watu ukutani, hajui mchana wala usiku. Tukadhani ugonjwa wa akili umepanda ngazi. Muuguzi akapima joto, akaangalia mkojo, akasema ni maambukizi ya njia ya mkojo. Alipomaliza dozi, Baba alirudi alipokuwa, tena akawa mchangamfu kidogo kuliko awali, na akaendelea hivyo kwa muda. Kule hakukuwa kuaga. Mzee anaweza kuchanganyikiwa kwa sababu ya malaria, kukosa maji mwilini, sukari kushuka, choo kufunga au dawa fulani, na sababu ikiondolewa akili hurudi. Kuna pia aina za ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu ambazo mgonjwa hupanda na kushuka, leo yuko vizuri, kesho hayupo. Kwa hiyo mtu asije akasoma haya, akamwona bibi yake amechangamka, akaanza kuita ndugu wa Musoma waje kuzika.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Kwa karibu wiki nzima Baba alikuwa analala tu. Uji alikuwa ameukataa, maji tulikuwa tunamlowesha midomo kwa pamba. Asubuhi niliingia na beseni kumfuta mwili, nikamkuta macho yako wazi, yananifuata. Akaniita kwa jina langu. Akauliza, "Kibanda umemwachia nani?"

Nikashindwa kujibu. Akaendelea kama mtu aliyekuwa safarini akarudi: "Watu wameingia ziwani au bado kuna mbalamwezi?" Wanaojua uvuvi wa dagaa wanaelewa swali hilo. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti dagaa, wavuvi wanakaa nchi kavu. Nikamwambia mwezi umeshapungua, wameanza kuingia. Akatulia, akapiga hesabu yake, akasema, "Basi wiki ijayo bei itashuka. Mwenye mzigo auze sasa." Mtu ambaye jana yake hakujua kijiko ni cha nini.

Nilimwita Mama. Alipoingia, Baba akamtazama sana, akamwambia, "Umekonda, mama watoto. Unakula lakini?" Mama alikaa chini pale pale alipokuwa amesimama.

Nitakuwa mkweli: furaha ya saa ile sijui niifananishe na nini. Nililia, nikacheka, nikatoka nje kumwambia jirani. Wifi yangu alirekodi sauti kwenye kundi la familia: Baba amepona, Mungu ametenda, tumshukuru. Kaka yangu yuko Dar es Salaam na alikuwa ameshapanga kusafiri siku hiyo. Aliposikia ile sauti akasogeza safari hadi Jumamosi, amalize kazi za wiki. Baba mdogo akafika na mawili: kwanza arudishwe hospitali atundikiwe dripu ajenge nguvu, pili morfini isimamishwe, kwa sababu kumbe ndiyo iliyokuwa inamlewesha, na angalia, leo hasikii maumivu.

Shangazi, dada yake Baba, alikuwa Nansio na alikuwa ameshapanda meli kuja kumwona hata kabla ya habari hizi. Alifika mchana. Alisalimiana na kaka yake kwa Kikerewe, wakaongea kitambo, akamshika miguu kama anayemfunika shuka. Akatoka uani akatwambia, "Huyu anaaga. Acheni kukimbia huku na huko, kaeni naye." Baba mdogo alikasirika sana. Akasema huo ni uchuro.

Muuguzi alifika nusu saa baadaye, na hakubishana na mtu. Alituita kitandani, akatuonyesha. Uso wa Baba ulikuwa umefunguka, sauti imerudi, lakini mfuko wa mkojo ulikuwa na kiasi kidogo sana, rangi ya chai ya rangi iliyokolea, tangu jana yake. Nyayo zilikuwa baridi hadi kwenye vifundo ingawa siku ilikuwa ya joto. Ngozi ya magoti ilikuwa na madoa ya zambarau. Alituambia tutenganishe mambo mawili: akili imerudi, mwili haujarudi. Hakuna dawa mpya aliyopewa, hakuna ugonjwa uliotibiwa, kwa hiyo hakuna cha kumfanya awe amepona. Tulipouliza kama inatokea kweli, akasema ameshaiona kwa wagonjwa kadhaa, na kwamba wengi wao hawakumaliza wiki.

Baadaye nilitafuta kusoma. Madaktari wameandika habari za namna hii tangu zamani, ila jambo lenyewe lilipewa jina la kitaalamu, "terminal lucidity", mwaka 2009 na Michael Nahm, mwanabiolojia wa Ujerumani. Yeye na wenzake walikusanya maelezo ya wagonjwa waliokuwa wamepotewa na akili kwa magonjwa mbalimbali kisha zikarudi: karibu asilimia 43 walifariki ndani ya siku moja, na wengine karibu asilimia 41 kati ya siku ya pili na ya saba. Mwaka huo huo wa 2009 daktari mmoja wa New Zealand, Macleod, aliripoti kwamba katika vifo 100 alivyovifuatilia kwenye nyumba ya kutunzia wagonjwa wa mwisho, 6 vilitanguliwa na hali hiyo. Sababu yake sayansi haijaikamata. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walitangaza kuwa kati ya wagonjwa 4 waliopimwa mawimbi ya ubongo wakati wa kufa, 2 walionyesha ongezeko kubwa la shughuli za ubongo, lakini hao walikuwa hawana fahamu, hivyo haielezi mzee anayeuliza bei ya dagaa.

Hiyo 6 kati ya 100 ni takwimu ninayowasisitizia sana rafiki zangu. Wengi hawapati saa hiyo. Kama una neno la kumwambia mgonjwa wako, la msamaha au la shukrani, mwambie leo akiwa amelala. Usiliweke akiba ukisubiri azinduke.

Turudi Igoma. Tulifanya yafuatayo, na mengi nayakumbuka kwa sababu muuguzi alisimama nasi.

Hakupelekwa popote. Kumhamisha kungekula saa zile zile alizonazo, na safari ya taksi ingemwamshia maumivu. Morfini iliendelea kwa saa zake. Muuguzi alimweleza baba mdogo kwamba kaka yake hasikii maumivu kwa sababu dawa inafanya kazi, na kwamba kuikata ghafla ni kumrudishia maumivu yote siku ambayo ana akili timamu za kuyahisi. Hapo alinyamaza.

Chakula. Baba aliomba ugali na sato. Ukweli ni kwamba mtu aliyekaa siku nyingi bila kumeza, koo lake halijapata nguvu kwa sababu tu akili imerudi. Anaweza kupaliwa, chakula kikaingia kwenye mapafu. Tulimwinua kwa mito hadi akakaa wima kabisa, kidevu kimeinama kidogo. Mama alichemsha sato, akachambua miiba kwa vidole, akaisaga nyama ndani ya supu. Kijiko cha chai, sio cha chakula, na cha pili hakipandi kabla hujaona koo limeshuka. Alikula vichache, akakohoa, tukaacha. Alisema supu imepungukiwa ndimu.

Wageni. Habari ilikuwa imefika hadi Buhongwa, watu wanakuja na nyimbo. Shangazi aliweka kigoda mlangoni akakaa yeye. Waliingia mmoja mmoja, kwa muda mfupi, na watoto waliruhusiwa. Hili lilikuwa la maana kuliko nilivyodhani, maana nguvu aliyonayo mgonjwa saa hizo ni chache, na ikitumika kumjibu kila mpita njia "naendelea vizuri", haitabaki ya kwake.

Kuna swali alilouliza ambalo mnapaswa kujiandaa nalo: "Ugonjwa wangu umefikia wapi?" Mama aliangalia chini. Mimi nilitaka kusema utapona, na neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Shangazi akamjibu kwa Kikerewe, polepole, na Baba akatikisa kichwa. Akasema anataka padre. Padre alikuja jioni akampaka mafuta ya wagonjwa, Baba akiitikia sala mwenyewe. Wenzetu Waislamu najua wangependa kumsikia mtu wao akitamka shahada kwa ulimi wake. Kwa hiyo ukiona hali hii, kiongozi wa dini aitwe mapema, asingojewe hadi mgonjwa azimike.

Kaka tulimpigia simu, tukaweka sauti ya nje, tukaishika karibu na mto. Waliongea. Baba alimtajia deni: kuna mtu wa Ukara alikuwa anadai fedha za magunia ya dagaa tangu kabla ya kiharusi cha kwanza, akataja jina na kiasi. Hakuna aliyelijua deni hilo, hata Mama. Baada ya mazishi kaka alimtafuta yule mzee, na ilikuwa kweli tupu. Likalipwa.

Hapo ndipo baba mdogo alipoanza kuuliza habari za kiwanja cha Nyamhongolo. Mama alimkatiza, na namshukuru hadi leo. Kwa sheria ya mila hapa Tanzania wosia wa mdomo unatakiwa kushuhudiwa na watu wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje, na mwenye kuusia awe na akili timamu. Mzee ambaye karatasi za hospitali zinasema amepoteza kumbukumbu kwa miaka, akagawa kiwanja siku moja kabla ya kufa, hiyo ni kesi mmejitengenezea. Mambo ya mali yaandikwe mtu akiwa bado anatembea. Saa hizi mwacheni aongee anayotaka yeye.

Usiku alichoka, akalala. Alfajiri pumzi zilianza kukatika na kurudi: anavuta kadhaa, zinakoma hadi unashika moyo, kisha zinaanza tena. Koo likawa linakoroma. Muuguzi alikuwa ametuambia tukiona hivyo tumgeuze ubavu, tumloweshe midomo, na tuendelee kumsemesha kwa sababu anaweza kuwa anasikia. Kaka alibadilisha tiketi, akatua Mwanza Ijumaa mchana. Alimkuta hai, ila hafungui macho. Baba alifariki usiku huo.

Yaliyofuata ndiyo yaliyonifanya niandike.

Kaka alikaa miezi bila kuongea na wifi. "Mliniambia amepona." Ile sauti ya kwenye kundi bado anayo kwenye simu. Mama naye alishikilia kwamba supu ya sato ndiyo iliyomuua, mikono yake mwenyewe. Alikuwa akirudia kuchambua miiba ile kichwani: labda mmoja ulibaki. Ilibidi muuguzi aje tena, amweleze kwamba mwili ulikuwa umeshaanza kuzima kabla ya kijiko cha kwanza, na ndiyo maana aliwaonyesha mkojo na miguu mchana ule, kabla Mama hajawasha moto.

Lakini zito zaidi lilianzia msibani. Watu walikuwa wamemwona Baba Alhamisi amekaa, anaongea, anataniana. Ijumaa amekufa. Na kati ya Alhamisi na Ijumaa nani alifika? Shangazi. Mwanamke mzee, mjane, kutoka kisiwani, macho mekundu ya moshi wa kuni, ambaye kabla ya mtu yeyote alitamka kwamba kaka yake anaaga. Alijuaje? Na kwa nini alikaa mlangoni akichagua nani aingie? Nilisikia maneno haya kwenye jiko la msiba, wanawake wakimenya viazi, wakanyamaza nilipofika. Jioni yakawa yamehamia kwa vijana wanaokesha kwenye moto.

Sisi wa Kanda ya Ziwa tunajua maneno ya namna hii yanaweza kuishia wapi. Vikongwe wameuawa kwa panga usiku kwa tetesi nyepesi kuliko hizi. Shangazi alikuwa anarudi Ukerewe kuishi peke yake kwenye nyumba ya udongo, na maneno husafiri kwa meli ile ile.

Nilimwendea kaka, aliyekuwa hataki kuongea na mtu. Tukamwomba muuguzi aje siku ya kuanua matanga. Kabla ya watu kutawanyika kaka alisimama, akasema marehemu alikuwa na saratani iliyofika kwenye mifupa, akasema ile siku ya kuchangamka inajulikana kwa madaktari na wazee wengi wameishuhudia, akampisha muuguzi aeleze. Muuguzi aliongea kwa lugha nyepesi, hakuchukua muda. Baba mdogo, ambaye ndiye aliyekuwa amesema uchuro, alisimama naye akasema Alhamisi ile alionyeshwa miguu ya kaka yake na aliigusa, ilikuwa baridi. Nadhani hilo lilisaidia kuliko yote. Mmama mmoja wa Magu akasimama bila kuombwa, akasema mama yake mzazi aliondoka hivyo hivyo, aliimba kwanza. Wengine wakaanza kutikisa vichwa.

Shangazi tulimsindikiza hadi Nansio watu watatu, tukapita kwa mwenyekiti wa kitongoji chake na kumweleza chanzo cha kifo, mbele ya majirani zake.

Kwa hiyo ukiwa na mgonjwa wa namna hii, nakuomba usisubiri siku ifike. Tuma ujumbe kwenye kundi la familia mapema. Mimi ningeandika hivi: "Ndugu zangu, Baba yuko hatua ya mwisho. Wataalamu wanasema mgonjwa kama yeye anaweza kupata akili ghafla, akaongea na kula. Ikitokea, tutamwita muuguzi amwangalie kwanza. Ukisikia ameongea, panda gari siku hiyo hiyo, na kama uko mbali piga simu saa hiyo hiyo. Tusimhamishe, tusimkatie dawa, tusiongelee mali. Na akifariki baada ya hapo, atakuwa ameuawa na ugonjwa wake, sio chakula, sio mgeni aliyekuja."